Walowezi wa Jumamosi

Kwamboka aliingia ukumbini na kamba begani, na watoto wangu wakasahau kunisalimu.

Nasema watoto wangu kwa sababu darasa lile lilikuwa langu kwa miaka kumi na moja. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa kanisa tunaoazimwa hapa Overport, wakubwa wa miaka tisa hadi kumi na mbili walisimama wima na kusema kwa sauti moja, "Shikamoo, Mwalimu." Nyumbani kwao hawasemi hivyo. Wazazi wao wengi ni Wakongo kama mimi, na Mkongo husema jambo, basi. Mimi ndiye niliyewafundisha shikamoo, pamoja na historia, na kukaa bila kuegemea.

Siku nyingine za wiki mimi ni mlinzi wa magorofa kule Morningside. Wapangaji wananiita madala, yaani mzee, wala si kwa ubaya. Lakini hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba nilipata cheti cha matriki, yaani cha kumaliza sekondari, nikiwa na miaka hamsini na sita, baada ya miaka mitano ya masomo ya jioni, nikitoka kazini moja kwa moja na viatu vya kazi. Chumbani kwangu, mtaa wa Point, nina vitabu sitini na kimoja, na nimevisoma vyote. Shule ya Jumamosi ndiyo mahali pekee mjini Durban ninapoitwa Mwalimu.

Aliyemleta Kwamboka ni Mama Bernadette, mwenye saluni, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya shule.

"Papa Achille, huyu ni dada Kwamboka, Mkenya. Anasoma doctorat ya ualimu kwenye université. Atakuja kukusaidia."

"Kunisaidia nini?"

"Kusaidia tu, Papa. Usikunje uso."

"Shikamoo, Mzee," Kwamboka akasema. Alikuwa na miaka thelathini hivi, amevaa raba nyeupe, na kamba ile ilikuwa ya kuanikia nguo, mpya, bado ina karatasi ya dukani. "Mimi nitakaa nyuma tu. Niko hapa kujifunza kutoka kwako."

Maneno mazuri. Nimeishi miaka sabini na miwili na bado sijaona mtu aliyekuja kukaa nyuma akiwa na mita thelathini za kamba.

Somo la muhula ule lilikuwa kuja kwa walowezi hapa Natal na yaliyowapata wenyeji. Ni somo ninalolipenda. Nilikuwa na utaratibu wangu: ninauliza, wanajibu, wote kwa pamoja, mpaka jibu linakaa mdomoni kama jina la mtu.

"Waingereza waliitwaa Natal mwaka gani?"

"Elfu moja mia nane arobaini na tatu!"

"Kodi ya kibanda ilianza mwaka gani?"

"Elfu moja mia nane arobaini na tisa!"

Watu wa Morningside wangesikia hayo wangeshangaa. Watoto wa wakimbizi, kwa Kiswahili safi, wanataja miaka ya historia ya nchi ambayo haijawapa hata karatasi za kudumu. Nilimtazama Kwamboka nione kama ameshangaa. Alikuwa anahesabu viti.

Akaomba dakika ishirini. Sikuwa na sababu ya kumkatalia mbele ya watu.

Alitawanya viti thelathini ukumbi mzima, akawakalisha watoto popote walipotaka. Kisha akatoa mfukoni vipande vya kitambaa chekundu, akawafunga watoto sita mkononi. Hao walikuwa walowezi. Wengine wote walikuwa wenyeji. Kila alipopiga makofi, wenye vitambaa walisogeza kamba hatua tatu na kuonyesha karatasi yenye muhuri, na mwenyeji yeyote aliyejikuta ndani ya kamba alipaswa kuinuka na kuacha kiti. Baada ya makofi sita, watoto kumi na wanane walikuwa wamesongamana pembeni kwenye viti vinne, karibu na ndoo za kufagilia, na wale sita walikuwa wamejinyoosha katikati ya ukumbi, kila mmoja na viti vyake, wengine wameweka miguu juu.

Peguy, mtoto wa fundi simu, aliyezaliwa hapa hapa Durban na mwenye mdomo kuliko wote, alipiga kelele. "Eish! Teacher, hii si haki! Mimi nilikuwa nimekaa pale!"

"Una karatasi?" Kwamboka akamwuliza.

"Karatasi ya nini? Nilikuwa nimekaa!"

"Basi huyu ana karatasi. Wewe huna."

"Nani alimpa?"

"Swali zuri," Kwamboka akasema. "Wengine wana maswali?"

Nilihesabu mikono. Ilikuwa kumi na saba. Katika saa yangu nzima ilikuwa imeinuka minne, na mmoja ulikuwa unaomba kwenda chooni.

Kwa miaka kumi na moja nilingoja mtoto mmoja akasirike juu ya mwaka 1843. Mgeni mwenye raba nyeupe alimkasirisha kwa dakika ishirini. Nilipiga makofi pamoja na wengine, nikasema, "Hongera, binti," na nilipokwenda kusimamisha taksi nilikuwa nimeuma meno hata taya linauma.

Jumatano yake Mama Bernadette alinipigia simu. Kuanzia muhula ujao, alisema, kanisa litatupa ukumbi kwa saa moja tu badala ya mbili. Saa moja, mwalimu mmoja. Kamati itaangalia Jumamosi mbili zijazo, kisha itaamua nani abaki na wakubwa. Mwingine atachukua wadogo, wale wa a-e-i-o-u, jikoni.

"Mama, mimi ni mtu wa historia."

"Najua, Papa. Ndiyo maana tunaangalia."

Basi nami nikatengeneza mchezo. Nilichagua kodi ya kibanda. Nilivaa suti yangu ya mahafali, nikaketi mezani kama mkusanyaji wa serikali, nikawaamuru watoto kila mmoja alipe kiatu kimoja. Walilipa kwa furaha kubwa. Dakika tano baadaye kulikuwa na rundo la viatu ishirini na vinne mbele yangu, na nilipoanza kueleza jinsi kodi ilivyowalazimisha watu kuacha mashamba yao na kwenda kufanya kazi katika miwa ya wageni, hakuna aliyesikiliza, kwa kuwa Peguy alikuwa amerusha kiatu cha mtu dirishani. Vita vikaanza. Mwisho wa saa mtoto mmoja alirudi nyumbani na viatu vya miguu ya kushoto vyote viwili. Kwamboka alipiga magoti akitafuta viatu pamoja nami chini ya viti.

"Wazo lilikuwa zuri, Mzee," alisema. "Aki, lilikuwa zuri sana. Tungevifunga tu viatu namba."

Angenicheka ningemsamehe. Lakini alinihurumia, tena kwa dhati.

Jumamosi ya tatu niliwahi kufika. Kamba yake na mfuko wake wa vitambaa vilikuwa vimewekwa juu ya piano tangu wiki iliyopita. Kamba sikuigusa, ilikuwa kubwa. Vitambaa nilivitia kwenye mkoba wangu, kati ya daftari la mahudhurio na kamusi, nikafunga zipu. Sikujiambia kwamba naiba. Nilijiambia kwamba napanga meza.

Kwamboka alitafuta juu ya piano, chini ya piano, kwenye kabati la vitabu vya nyimbo. Mama Bernadette alikuwa ameshaketi mlangoni na kalamu yake ya kamati, na watoto walikuwa wanapiga miguu sakafuni.

"Mzee, hukuona vitambaa vyangu?"

"Vitambaa gani?"

"Basi sawa. Tutafanya bila." Akageuka kwa watoto, akafikiri muda mfupi, muda mfupi mno. "Haya! Waliozaliwa hapa Durban, upande huu. Nyinyi ni wenyeji. Waliozaliwa nje, upande ule. Nyinyi ndio walowezi, mmetoka mbali."

Niliona kosa kabla halijatokea. Mtu anayeingia nchi ya watu kwa visa ya masomo hawezi kuliona, lakini mimi niliingia kwa miguu, na niliona. Ningeweza kuinua mkono. Nilikaa.

Upande wa wenyeji walikwenda kumi na watano. Upande wa pili tisa, kati yao Larissa, msichana wa miaka kumi aliyekuja na mama yake kutoka mji wa Baraka, Kongo, miaka miwili iliyopita. Ni mtoto mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Kwamboka alimpa ncha ya kamba. Akapiga makofi. Larissa na wenzake wakasogeza kamba hatua tatu, na Peguy akatolewa kwenye kiti chake.

Peguy hakuuliza habari ya karatasi safari hii. Alisimama juu ya kiti kingine akaanza kuimba, akipiga makofi, "Rudini kwenu! Rudini kwenu!" Alikuwa anacheza. Ni maneno anayoyasikia kila siku, yeye mwenyewe huambiwa hivyo shuleni ingawa amezaliwa hapa, na nadhani kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa upande wa wanaoyasema. Kumi na wanne waliobaki wakaitikia. Ukumbi ukatetemeka. "Rudini kwenu! Mmechukua vya kwetu! Rudini kwenu!"

Kwamboka akapaza sauti. "Simameni! Jamani, basi! Basi!"

Larissa aliiweka ncha ya kamba chini taratibu, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa. "Mimi sikuchukua kitu," alisema. Kisha akatoka nje, na alipita karibu nami kiasi kwamba mkono wake uligusa mkoba wangu.

Kamati ilikaa Jumapili baada ya ibada. Yvette, mama yake Larissa, alisimama katikati na mtandio wake wa kanisani.

"Mtoto wangu amelala na nguo za kutokea," alisema. "Nimemwuliza kwa nini. Anasema, Mama, labda watakuja kututoa usiku, afadhali nikuwe tayari. Miye nilimuleta huku asahau ile maneno. Nilimuleta kwenu!"

Kwamboka aliinuka.

"Mama Larissa, ni kosa langu," alisema. "Vitambaa vilipotea, nikafanya haraka. Nilipaswa kufikiri. Sina la kujitetea."

Nilingoja aniangalie. Hakuniangalia. Hakunishuku hata kidogo, na hilo nalo lilinichoma, kana kwamba mzee kama mimi hawezi hata kudhaniwa adui.

"Bon," Mama Bernadette akasema. "Wakubwa wabaki na Papa Achille. Dada Kwamboka achukue wadogo. Lakini Papa, iko neno moja. Jumamosi hii Larissa atarudi, na wazazi watakuja kusikiliza. Huyo mtoto ameuliza mama yake swali, na mama yake hana jibu. Weye ndiye mwalimu. Utamjibu."

"Swali gani?"

Yvette alilitamka akinitazama usoni. "Ameuliza: sisi na wale wazungu wa kwenye kitabu tuko tofauti gani?"

Basi nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nilipanda taksi kurudi Point nikijaribu kufurahi. Ilisimama kwenye kila roboti, ndivyo waitavyo hapa taa za barabarani, na kwenye kila roboti furaha ile ilikuwa haijafika.

Wiki hiyo nilifungua vitabu vyangu. Vilinipa miaka, mikataba, majina ya magavana, idadi ya ekari. Kimoja, nilichokisoma kwa mtihani wa matriki na kukipigia mstari kwa wino mwekundu, kilisema kwamba sehemu kubwa ya nchi ilikuwa tupu walowezi walipofika. Nilikuwa nimepiga mstari chini ya neno tupu kwa rula. Nililitazama neno lile kwa muda mrefu, maana nililijua toka mahali pengine, na si kitabuni.

Jumamosi wazazi walijaa nyuma. Larissa aliketi mstari wa kwanza, mikono mapajani. Kwamboka alikuwa amesimama mlango wa jikoni, na watoto wadogo wameshika sketi yake. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa tatu. Niliiacha mezani.

"Nimewaambia mara nyingi," nilianza, "kwamba baba yangu alifanya kazi na Wabelgiji, na kwamba alikuwa na baiskeli kabla ya watu wote wa kilima chetu."

"Ya rangi ya kijani," Peguy akasema. "Tunajua, Mwalimu."

Watu wakacheka.

"Sijawahi kuwaambia kazi yenyewe. Baba alikuwa karani wa wapimaji. Kule kwetu, magharibi ya ziwa Kivu, Mbelgiji mmoja alitaka kilima apande kwinini, mti wa dawa ya malaria. Sheria yao ilisema ardhi iliyo tupu ni ya serikali, na serikali inaweza kumpa mzungu. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu aende aangalie kama ni tupu. Walikwenda siku ya soko. Mnajua siku ya soko kijijini?"

"Watu wote wanaenda sokoni," akasema mama mmoja nyuma.

"Wote. Kilima kizima kiliteremka. Kulikuwa na migomba, kulikuwa na vibanda, kulikuwa na jiko ambalo majivu yake yalikuwa bado ya moto. Mpimaji alimwuliza baba yangu, kuna mtu anayekaa hapa? Na baba yangu, aliyemjua mwenye migomba ile kwa jina, Mushagalusa, waliyetahiriwa naye siku moja, alijibu: hakuna mtu. Ikaandikwa. Mushagalusa aliporudi na chumvi yake alikuta vigingi. Kuanzia siku hiyo alihitaji ruhusa kukata ndizi zake mwenyewe, mpaka migomba iling'olewa ikapandwa kwinini, naye akawa kibarua wa kuimwagilia."

Sikuwahi kulisema jambo lile kwa mtu yeyote. Baba aliniambia mwaka aliokufa, kwa sababu nilikuwa namsifu mbele ya wageni.

"Larissa," nikasema, "wewe ulipofika hapa Durban, ulikuta nani?"

Alifikiri. "Nilikuta gogo, yule bibi wa chumba cha tatu. Alinipa jezi ya baridi."

"Mwingine?"

"Nilikuta watoto wananicheka. Na mwanamke wa kliniki. Na bwana wa mlango aliyesema tusipike kwenye korido."

"Uliandika mahali kwamba hawapo?"

"Hapana!" Akakaribia kucheka.

"Mlimtoa gogo chumbani kwake?"

"Yeye ndiye alituonyesha chumba. Na Mama alipanga foleni siku tatu ya karatasi."

"Siku tatu?" baba yake Peguy akasema kwa nguvu. "Una bahati! Miye mwaka wa kumi na mbili niko kwenye foleni ile!"

Ukumbi mzima ulicheka, hata Yvette, akifuta macho kwa mtandio.

"Basi ndiyo tofauti," nilisema. "Kutoka mbali si kosa. Babu zetu wote walitoka mahali. Yule mlowezi alifika penye watu, akasema hapana mtu, na akawa na bunduki ya kulifanya neno lake liwe kweli. Wewe ulifika ukasema, hodi."

Mikono ikainuka. Sikuihesabu, ila niliona kwamba ni mingi. Nilihisi joto kifuani, nikatazama mlango wa jikoni, nione kama Kwamboka anaona. Nakiri hivyo. Alikuwa anaona. Alikuwa anatabasamu kabisa, bila kinyongo.

Larissa alikuwa bado ameinua mkono.

"Mwalimu, baba yako alijua kwamba wapo?"

"Alijua."

"Na alikuwa rafiki yake?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini alisema hakuna mtu?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo, ingawa jibu nilikuwa nalo. "Kulikuwa na karani mwingine," nilisema. "Kijana. Alijua Kifaransa kumpita baba, na mzungu alianza kumpenda. Baba aliogopa kwamba akisema kuna watu, kazi itakwama, na mzungu atamchukua yule kijana. Alitaka abaki yeye."

"Kwa hiyo alimuonea wivu tu?" Peguy akauliza. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Nikasikia sauti yangu ikisema maneno hayo katika ukumbi niliopewa wiki moja kabla, mbele ya mtoto aliyelala na nguo za kutokea. Ningeweza kukaa. Saa ilikuwa imekwisha, wazazi walikuwa wanaridhika, Mama Bernadette alikuwa ameshafunga kalamu. Darasa lilikuwa langu.

"Larissa," nikasema, "wiki ile Teacher Kwamboka hakukosea peke yake. Vitambaa havikupotea. Nilivificha mimi. Niliona anataka kugawanya kwa kuzaliwa, niliona yatakayotokea, nikanyamaza ili akosee. Nisamehe. Na wewe dada, nisamehe."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Peguy akasema polepole, "Yoh, Mwalimu!" na mama yake akampiga kikofi kisogoni. Yvette alimshika Larissa mkono wakatoka, lakini Larissa aligeuka mlangoni akanitazama, si kwa hasira, zaidi kama anavyotazama hesabu iliyomkataa.

Kwamboka alikuja mpaka mezani. Tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Mzee, mimi nimelia wiki nzima," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwandikia mwalimu wangu chuoni kwamba sifai kufundisha watoto. Nilimtumia!"

"Mwandikie tena."

"Nimwandikie nini? Kwamba nilihujumiwa na babu wa miaka sabini?"

"Na miwili," nikasema. Hakucheka.

Mama Bernadette alinipeleka pembeni. "Umesema vizuri leo, Papa. Sijawahi kusikia vile. Lakini nitawaambia nini wazazi? Mtoto alilala na nguo za kutokea."

"Najua."

"Weye utachukua wadogo."

"Najua, Mama."

"Na asilimia mia utafika saa tatu, hutanuna?"

"Nitafika."

Kuhusu kununa sikuahidi chochote.

Sasa ni Jumamosi ya nne niko jikoni. Nina watoto kumi na mmoja, mkubwa ana miaka sita. Ubao wangu umeegemezwa kwenye friji ya kanisa. Ukuta kati yetu na ukumbi ni mwembamba, wa mbao, na husikika kila kitu. Nasikia kamba ikiburutwa. Nasikia Larissa anauliza swali refu, maana amerudi na siku hizi anauliza sana, ila huuliza kule, si kwangu. Leo nimemsikia Kwamboka akiwaeleza juu ya kilima cha kwinini na siku ya soko. Alisimulia kwa mpango kunishinda, aliweka soko mwanzoni ili lieleweke, na alipofika kwenye majivu alinyamaza kidogo mahali ambapo mimi nilikimbilia mbele. Aliniomba ruhusa kabla, nami nilimpa. Nilisimama na chaki mkononi nikingoja nisikie kama atataja jina langu. Alisema, "karani mmoja." Kwa heshima, nadhani. Ili kunisitiri. Nilitamani kugonga ukuta.

Kisha vicheko vikavuma upande wa pili, vicheko vya wakubwa, na Peguy alisema kitu ambacho sikukinasa.

Clementina, wa miaka mitano, alikuwa amenipa penseli yake nimchongee. Nilikuwa bado nachonga, sikio ukutani, maganda yakianguka juu ya viatu vyangu.

"Mwalimu," akasema, akivuta mkono wa koti langu. "Umeimaliza."

Nilitazama chini. Kilichobaki kati ya vidole vyangu hakikufika urefu wa kucha. Nikampa penseli yangu mwenyewe, nikamwambia aandike b, na mkia wake uwe juu.